Ugonjwa Usioonekana Kwenye Picha: Historia ya Madai ya Ulemavu kwa Uchovu Sugu Nchini Marekani

Rais Roosevelt alipotia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani mwaka 1935, wazee walikumbukwa, na waliopoteza ajira pia. Mfanyakazi aliyepatwa na maradhi ya kumlaza kabla ya umri wa kustaafu hakupewa kitu. Aliachwa nje kwa makusudi, kwa hofu ya watu wanaotegea kazi. Kampuni za bima zilikuwa zimeuza bima za ulemavu kwa wingi katika miaka ya 1920, kisha Mdororo Mkuu ulipoingia zikalemewa na madai hadi kupata hasara kubwa. Wataalamu wa hesabu za bima walihitimisha kwamba ulemavu haupimiki kama umri unavyopimika. Umri una cheti cha kuzaliwa, lakini kutojiweza ni neno la mtu. Hoja hiyo iliuzuia mpango kwa miaka 20.

Mwaka 1956 kifungu cha mafao ya ulemavu kilipita katika Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45, huku chama cha madaktari cha nchi hiyo kikikipinga, na Rais Eisenhower akatia saini tarehe 1 Agosti. Malipo ya kwanza yalitolewa Julai 1957, kwa wenye umri wa kuanzia miaka 50 tu. Kizuizi hicho cha umri kiliondolewa mwaka 1960. Ila ile hofu ya zamani ilikuwa imeshaingizwa katika tafsiri ya neno ulemavu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mlemavu ni mtu asiyeweza kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana kwa sababu ya dosari ya mwili au akili inayoweza kuthibitishwa kitabibu, na dosari yenyewe iwe ya kudumu au ya kufisha. Mwaka 1965 sharti la kudumu lililegezwa na kuwa miezi 12. Mwaka 1967 Bunge likakaza upande mwingine: haitoshi mdai kushindwa kazi yake ya zamani, ni lazima ashindwe kila aina ya kazi iliyopo katika uchumi wa taifa, hata kama hakuna nafasi iliyo wazi, na hata kama hakuna mwajiri ambaye angemchukua.

Sheria hii iliandikwa kwa kumfikiria aliyekatwa mguu, mwenye kifua kikuu, mwenye moyo uliochoka. Maafisa walipewa orodha ya maradhi yenye vipimo vyake, na aliyefikia kipimo alipita bila maswali mengi. Kwa mwenye ugonjwa usioonekana kwenye picha ya eksirei, neno zito lilikuwa kuthibitishwa. Kanuni zilitenganisha dalili, yaani anachokieleza mgonjwa, na ishara, yaani anachokiona au kukipima daktari. Dalili peke yake haikumpa mtu haki. Mwaka 1984 Bunge lenyewe liliandika hivyo ndani ya sheria, likataja hasa maumivu: kauli ya mdai kuhusu maumivu yake haiwezi kuwa ushahidi wa kutosha pasipo ishara au vipimo vinavyoonyesha tatizo linaloweza kuyaleta.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo ya 1984 ilitungwa kuwatetea wagonjwa. Tangu Machi 1981 serikali ya Reagan ilikuwa imeharakisha ukaguzi wa wanaopokea mafao, na karibu watu nusu milioni wakaondolewa kwenye orodha. Zaidi ya 200,000 walirudishiwa haki yao baada ya kukata rufaa. Magavana kadhaa waliziagiza ofisi za majimbo yao zisitishe kuwaondoa watu, mahakama za shirikisho zikajaa kesi, na hatimaye Bunge likapitisha marekebisho bila kura hata moja ya kupinga. Wagonjwa wa kawaida walipata nafuu. Wenye maumivu yasiyo na kipimo walijikuta wamefungiwa mlango uleule, safari hii kwa kufuli ya maandishi.

Ugonjwa uliokuja kuijaribu kufuli hiyo ulikuwa na historia ndefu kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1934 watumishi 198 wa hospitali kuu ya kaunti ya Los Angeles waliugua ghafla, wakiishiwa nguvu na kuumwa misuli kwa miezi mingi. Mwaka 1955 ilikuwa zamu ya Royal Free, hospitali ya London, ambako watumishi 292 waliugua na hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Mwaka uliofuata jarida la Lancet liliupa ugonjwa huo jina refu ambalo hufupishwa kuwa ME, likimaanisha uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo pamoja na maumivu ya misuli. Mnamo 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, walipekua majalada ya zamani ya Royal Free bila kuwahoji wagonjwa wenyewe, wakahitimisha kwamba ilikuwa histeria ya kundi, yaani hofu iliyoambukizana. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake. Kwa hoja nyepesi kiasi hicho, ilidumu muda mrefu mno.

Huko Marekani mambo yalianza upya katika Incline Village, mji mdogo wa watalii kando ya ziwa Tahoe, jimbo la Nevada. Katika miaka ya 1984 na 1985 madaktari Paul Cheney na Daniel Peterson waliona wagonjwa wengi waliougua kama wamepata mafua makali, kisha hawakupona. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kilituma wachunguzi wawili, ambao walishuku kwanza virusi vya Epstein-Barr, kisha wakaona ushahidi hautoshi. Magazeti yaliuita ugonjwa huo mafua ya vijana wenye pesa. Utafiti wa Leonard Jason na wenzake mjini Chicago, uliotoka 1999, ulionyesha kinyume: maradhi hayo yalionekana zaidi kwa wanawake, kwa watu wa jamii za wachache na kwa wenye elimu na kazi za chini. Hao ndio waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kumwona daktari hadi apatikane mmoja wa kuuandika ugonjwa kwenye faili.

Mwaka 1988 kundi la watafiti lililoongozwa na Gary Holmes, mmoja wa wale waliotumwa Nevada, liliupa ugonjwa jina la uchovu sugu. Jina hilo liliwaponza wagonjwa kwenye kaunta za madai, kwa kuwa hakuna afisa asiyewahi kuchoka. Hali yenyewe haifanani na uchovu wa kazi. Mgonjwa hujikaza kufua au kwenda sokoni, kisha kesho yake au keshokutwa huanguka kitandani kwa siku kadhaa. Kichwa hujaa ukungu, usingizi haumburudishi, akisimama moyo humwenda mbio. Maelezo ya ugonjwa huu ya 1994, yaliyotumiwa kwa miaka mingi, yalitaka uchovu wa miezi 6 au zaidi pamoja na dalili nne kati ya nane. Hicho kilikuwa kigezo cha watafiti, nacho kilijengwa juu ya dalili, wakati sheria ilikuwa ikidai ishara.

Daraja kati ya pande hizo mbili lilijengwa tarehe 30 Aprili 1999, Utawala wa Hifadhi ya Jamii ulipotoa waraka uliopewa namba 99-2p. Ulitamka wazi kwamba uchovu sugu unaweza kuwa dosari inayothibitika kitabibu, kisha ukataja ishara zinazokubalika: tezi zilizovimba au zinazouma zikiguswa, koo jekundu lisilo na usaha, misuli inayouma ikibonyezwa, yote yakiwa yameandikwa na daktari mara kwa mara kwa muda wa miezi 6 mfululizo. Vipimo navyo vikaorodheshwa: picha za ubongo, uchunguzi wa usingizi, jaribio la kumlaza mgonjwa juu ya meza na kumsimamisha huku shinikizo la damu likipimwa, na kiwango cha kingamwili za Epstein-Barr kilichoandikwa kwa tarakimu kamili. Hicho cha mwisho kiliwashangaza wengi. Watafiti walikuwa wameshaacha kukitegemea miaka kadhaa kabla, lakini karani alihitaji namba, na hapo namba ilikuwepo.

Mwaka huohuo mkaguzi mkuu wa wizara ya afya alibaini kwamba kituo cha kudhibiti magonjwa kilikuwa kimeelekeza kwingine dola milioni 8.8 zilizotengwa kwa ajili ya uchovu sugu. Wakosoaji waliona mzunguko mbaya: pasipo utafiti hapapatikani kipimo, na pasipo kipimo madai hukataliwa.

Safari ya dai lenyewe imebaki karibu ileile tangu wakati huo. Ombi hupelekwa ofisi ya jimbo, inayoamua kwa niaba ya serikali kuu. Likikataliwa, mdai ana siku 60 za kuomba liangaliwe upya. Likikataliwa tena huomba kusikilizwa na hakimu wa Utawala wa Hifadhi ya Jamii, halafu baraza la rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Njiani mdai hujaza fomu ya shughuli za kila siku, inayouliza kama anapika, ananunua vitu dukani, anatunza mnyama. Akiandika kwamba anapika, faili litasema anapika. Kwamba ni mara moja kwa wiki, akiwa ameketi, na kesho yake hainuki, hilo halikuulizwa. Mawakili wa madai haya huwafundisha wateja wao kuandika gharama ya kila tendo pamoja na tendo lenyewe. Serikali pia inaweza kumpeleka mdai kwa daktari iliyemchagua kwa uchunguzi mfupi, na mdai hufika akiwa katika siku yake nzuri, kwa kuwa katika siku mbaya asingefika kabisa. Kuanguka kunakofuata hakuna anayekushuhudia.

Saa nayo haimsubiri mdai. Kwa kawaida mfanyakazi anapaswa awe amechangia miaka 5 kati ya 10 ya mwisho, hivyo kinga yake hukwisha takriban miaka 5 baada ya kuacha kazi. Maradhi yanayochukua miaka mingi kupata jina humfikisha mgonjwa kwa daktari sahihi wakati kinga imeshapita. Baada ya hapo hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwa hajiwezi siku fulani ya zamani, siku ambayo huenda hakwenda hospitali, au alikwenda akaambiwa ana msongo wa mawazo. Bima binafsi zina mtego wao: nyingi huweka kikomo cha miezi 24 kwa maradhi ya akili, kwa hiyo ule mjadala wa kitabibu wa mwili au akili uligeuka kuwa tofauti ya malipo ya miaka 2 na malipo ya hadi kustaafu.

Kwa muda silaha kubwa ya mdai ilikuwa neno la daktari wake. Kanuni za 1991 ziliwataka mahakimu wampe uzito wa pekee daktari anayemtibu mtu kwa muda mrefu, na kwa ugonjwa usio na kipimo kimoja hilo lilikuwa na thamani kubwa. Kwa madai yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 27 Machi 2017 upendeleo huo uliondolewa, na daktari wa miaka 15 akawekwa mizani moja na aliyesoma faili tu.

Nchini Uingereza mzozo kuhusu ugonjwa huu ulichukua sura nyingine. Jaribio kubwa lililochapishwa 2011, lenye washiriki 641 na sehemu ya fedha kutoka wizara ya kazi na mafao, lilidai kwamba mazoezi ya kuongezwa taratibu na tiba ya mazungumzo huwasaidia wagonjwa. Wagonjwa walihofu kwamba hali inayoitwa ya kutibika kwa mazoezi haitaitwa ulemavu tena. Waliomba takwimu ghafi, mahakama maalumu ikaamuru mwaka 2016 zitolewe, na wachambuzi wa nje wakaona manufaa yaliyodaiwa yamepungua sana. Oktoba 2021 mwongozo wa kitaifa wa tiba wa Uingereza uliacha kupendekeza mazoezi hayo.

Nchini Marekani waraka wa 1999 ulibadilishwa tarehe 3 Aprili 2014 na mwingine, 14-1p, uliotilia maanani zaidi kuzidiwa baada ya jitihada. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilikadiria wagonjwa kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, wengi wao bila kutambuliwa na daktari, na walau robo yao wamewahi kushindwa kutoka nyumbani au kitandani. Mawakili nao walianza kutumia jaribio la kuendesha baiskeli siku mbili mfululizo huku pumzi ikipimwa: siku ya pili nguvu za wagonjwa wengi hushuka, jambo lisilo la kawaida kwa mtu ambaye ni dhaifu tu kwa kukosa mazoezi. Hatimaye kulikuwa na namba ya kumpa karani, ingawa kuipata humgharimu mgonjwa siku au majuma ya kulala.

Kisha ikaja UVIKO-19, na watu ambao hawakupona wakaingia foleni ileile. Juni 2024 chuo cha taifa cha sayansi kilitoa ripoti kwa ombi la Utawala wa Hifadhi ya Jamii, ikieleza kwamba athari za muda mrefu za ugonjwa huo zinaweza kumzuia mtu kufanya kazi kwa miezi au miaka, na kwamba baadhi yake hufanana na uchovu sugu. Mwezi huohuo utawala ulifuta kazi zaidi ya 100 katika orodha ambayo mahakimu waliitumia kuwaonyesha wadai ajira wanazoweza bado kuzifanya. Orodha hiyo ilitoka katika kamusi ya kazi ambayo haikuhuishwa tangu 1991. Katika kamusi hiyo ilikuwamo kazi ya mchambua karanga, anayekaa mbele ya mkanda unaokwenda akiondoa zilizooza.