Ile 60 Ilitoka Wapi?

Miaka yote niliyofundisha kemia, swali hili halikukosa kwenye mtihani: kampaundi ina kaboni asilimia 40, haidrojeni 6.7, oksijeni 53.3, uzito wa molekuli yake ni 60, tafuta fomula. Mwanafunzi anagawa kwa 12, kwa 1, kwa 16, anapata CH₂O, anazidisha mara mbili, basi: C₂H₄O₂, asidi ya siki. Ile 60 anapewa bure. Kumbe hiyo ndiyo iliyowatoa watu jasho.

Asilimia zilipatikana mapema. Mwaka 1831, huko Giessen, Ujerumani, Justus von Liebig alibuni kifaa cha kioo chenye vitufe vitano, ndani yake mna maji ya potashi. Sampuli ilichanganywa na oksaidi ya shaba, ikachomwa ndani ya bomba juu ya makaa. Mvuke wa maji ulinaswa na kloraidi ya kalsiamu. Kabonidayoksaidi ikanaswa kwenye vitufe. Baada ya hapo ni kazi ya mizani tu. Gramu 0.60 za asidi ya siki huongeza 0.88 kwenye vitufe na 0.36 upande wa maji, yaani kaboni 0.24 na haidrojeni 0.04. Oksijeni haikuwa na chombo chake. Ilipatikana kwa kutoa, hivyo makosa yote ya mpimaji yaliishia kuitwa oksijeni!

Lakini glukosi nayo ina asilimia zizo hizo. Vitufe haviwezi kuitenganisha na siki. Tena wanakemia walikuwa hawajakubaliana kama uzito wa atomi ya kaboni ni 6 au 12, wa oksijeni 8 au 16. Kitabu cha August Kekulé cha 1861 kinaorodhesha fomula 19 za asidi hiyo moja.

Dawa ilikuwepo tangu 1811, Amedeo Avogadro aliposema kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina molekuli idadi sawa. Pima mvuke, ulinganishe na haidrojeni, umemaliza. Siwalaumu sana waliosita. Jean-Baptiste Dumas alipopima mivuke, salfa ilimpa mara tatu ya alichotarajia, zebaki nusu. Hata siki ni mkaidi: karibu na nyuzi 118, inapochemkia, molekuli zake hushikana mbilimbili na mvuke huonekana mzito kupita kiasi. Sharti uupashe joto zaidi sana ndipo ziachane.

Aliyefumbua fumbo ni Stanislao Cannizzaro, Mwitalia. Alikubali kwamba si kila elementi hutembea atomi mbilimbili: zebaki moja, salfa katika joto la vipimo vile sita. Septemba 1860, mkutano wa wanakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, ulikwisha bila mwafaka, ila wajumbe waligawiwa kijitabu chake. Mmoja wao, Lothar Meyer, alikisoma akashawishika, na mwaka 1864 akachapisha kitabu kilichojengwa juu ya uzito huohuo wa atomi, kaboni 12, oksijeni 16.