Ukoo wa Kiswahili Haumo Katika Kamusi

Wanaodai kwamba Kiswahili ni chotara wa Kiarabu huhesabu maneno: kitabu, dini, sheria, bahari, habari, wakati. Hesabu yao si ya uongo. Kosa lao ni kupima nasaba ya lugha kwa msamiati, ambao huhama kirahisi kwa mashua na biashara. Sarufi haihami hivyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mwaka 1862 mwanaisimu Wilhelm Bleek, akiwa Cape Town, alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi ya lugha alizoziita Bantu, na kipimo chake kikuu kilikuwa ngeli. Kwa kipimo hicho, cha kuuliza ni kwamba neno geni likiingia hutii sheria ya nani. Katika Kiarabu, k ya kitabu ni sehemu ya mzizi, na wingi wake ni kutub. Mswahili aliisikia ki- ya kiti na kisu, akasema vitabu. Waraka nao ukapata nyaraka. Vitenzi vya mkopo vilikuwa wakaidi zaidi: twasema sisomi, lakini sifikiri haibadili irabu yake ya mwisho. Hata hivyo safiri ilikubali kuwa safirisha, kisha safirishwa.

Mpinzani makini atasema mkopo haukuishia kwenye nomino. Umefika hadi kwenye viunganishi na tarakimu. Hoja hiyo ni nzito, lakini tarakimu zenyewe zinaijibu. Moja hadi tano, pamoja na nane, hupatana na nomino: viti vitatu, viti vinane. Sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazipatani na kitu. (Kumi nayo haipatani, ila hiyo ni nomino, ina makumi yake.) Wageni hao hata hawakufuta kila alama ya wenyeji: kenda bado ni tisa kwa baadhi ya wasemaji, na fungate ya maarusi imehifadhi saba ya kale. Matamshi ndiyo yaliyobadilika kweli: dh na gh ziliongezeka, na toni ambayo Kigiryama, mojawapo ya lahaja za Kimijikenda, kinayo hadi leo ilipotea. Hata baada ya kuyapima hayo yote, wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walikiweka Kiswahili katika kundi la Kibantu la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro.