Mchezo wa Ng'ombe Pemba

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba huchezwa wakati wa kiangazi, mavuno yakishapita, katika vijiji kama Chwale, Wingwi, Pujini na Kengeja.

Dume mwenye nundu hufungwa kamba ndefu, kisha vijana humchokoza kwa kitambaa au jamvi. Anapowarukia, wanaotaka sifa hubaki mpaka pembe zimewafikia, wengine hukwea miti. Zumari na ngoma ndizo zinazopandisha hasira ya mnyama na ujasiri wa mchezaji. Zikinyamaza, mchezo hupoa. Pembeni wanawake huimba wakiwa wamejipamba, na aibu ya kukimbia mbele yao si ndogo. Watu huumia kweli. Ng'ombe hauawi, hurudi zizini. Wazee waliuhusisha mchezo huu na kuomba mvua, kwa hiyo haukuwa burudani tupu.

Wengi husema uliletwa na Wareno, waliofika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16 na kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Huenda. Hoja inayotajwa sana ni kwamba Ureno nako ng'ombe hauawi uwanjani, lakini huko sheria ya kukataza kuua ilitiwa nguvu mwaka 1928, zaidi ya karne mbili baada ya Wareno kuondoka. Mfanano huo hauthibitishi kitu. Jina la mchezo ni la Kiswahili, zumari ni ya pwani, na dua ya mvua haikutoka Lisbon.

Unguja, jambo la aina hii lipo Makunduchi, katika Mwaka Kogwa unaoadhimishwa mwezi Julai. Hapo wanaume wa pande mbili hupigana wao kwa wao kwa mabua ya migomba, vinyongo vya mwaka mzima vikitolewa mbele ya watu. Silaha ni laini, siku inajulikana, na baada ya hapo kibanda huchomwa moto na wanawake huimba.

Mipaka ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana katika baadhi ya madansi ya vitongoji vya Rio de Janeiro miaka ya 1990. Ukumbi uligawanywa Upande A na Upande B, ukaachwa ujia katikati, na vijana wa mitaa hasimu wakarushiana ngumi na mateke humo huku muziki wa funki ukipigwa kwa sauti kubwa. Walinzi walikuwepo, lakini uhasama ulikuwa wa kweli, haukuisha na dansi, na wapo waliokufa. Mwaka 2000 jimbo la Rio lilitunga sheria ya kuzuia madansi yanayochochea vurugu na kutaka polisi wawepo.

Pemba mpaka ni kamba: zaidi ya pembe, linaloogopwa uwanjani ni kamba hiyo kukatika.