Mtoto wa Jicho na Lenzi ya Kupandikizwa

Miongoni mwa istilahi za tiba, "mtoto wa jicho" haituletei ubishi. Ni jina la watu wenyewe, limeenea, na hatuoni sababu ya kulibadilisha. Taabu imo katika kitenzi kinachoandamana nalo. Vikaratasi vya wagonjwa huandika "kuondoa mtoto wa jicho", na msomaji aliyezoea habari za utando mweupe huelewa kwamba jicho litabanduliwa kitu kilichoota juu yake, kisha libaki kama zamani. Akiambiwa kuwa atawekewa lenzi ya plastiki, hushtuka, na pengine hukataa.

Dhana hiyo si ya Waswahili peke yao. Matabibu Waarabu waliuita ugonjwa huu maji, wakidhani kuna umajimaji unaoshuka mbele ya lenzi. Wafasiri wa Kilatini waliyapokea maji hayo kwa neno lenye maana ya maporomoko, nalo ndilo lililo katika Kiingereza na Kifaransa hadi leo. (Wafasiri wenzetu waone jinsi neno linavyosafiri na kosa lake.) Kwa fikra hiyo waganga walichoma sindano jichoni na kukisukuma kando kile cheupe. Mwaka 1705 Mfaransa Michel Brisseau alipasua jicho la maiti, akaona kwamba kilichokuwa kikisukumwa ni lenzi yenyewe, iliyopoteza uangavu wake.

Tangu hapo historia yaenda upesi. Mwaka 1753 Jacques Daviel alichapisha njia yake ya kuitoa lenzi nje ya jicho. Lakini jicho lisilo na lenzi huona ukungu, na kwa karibu miaka 200 waliopasuliwa walitegemea miwani mizito. Mwaka 1949, huko London, Harold Ridley alipandikiza lenzi ya plastiki. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta madhara makubwa. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Charles Kelman alianza kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, hata tundu dogo likatosha.

Kwa hiyo tunapendekeza maelezo ya mgonjwa yataje "kubadili lenzi iliyoingia mtoto wa jicho". Hapo ataelewa kwa nini jicho hupimwa kabla ya upasuaji, kwani nguvu ya lenzi mpya hukadiriwa kwa kipimo hicho. Ataelewa pia kwamba anao uchaguzi. "Lenzi ya umbali mmoja" aghalabu huwekwa kwa kuona mbali, na gazeti atalisoma kwa miwani. "Lenzi ya umbali kadhaa" hupunguza haja ya miwani, ila wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Dereva wa usiku apaswa kuambiwa hayo mapema. Tunawasihi wafasiri wasiandike "lenzi bora". Ubora hutegemea kazi ya mtu na hali ya jicho lake.

Limebaki neno moja. Baada ya miezi au miaka mwono waweza kufifia tena, na watu husema "mtoto amerudi". Hawezi kurudi, maana lenzi aliyokaa ndani yake haipo. Kilichoingia ukungu ni kifuko kilichoachwa kuishikilia lenzi mpya, na daktari hukitoboa kwa mwanga wa leza bila kupasua jicho. Sisi twakiita "ukungu wa kifuko".