Orodha ya chipukizi wa drafti ya NHL

Orodha ya chipukizi wa drafti ya NHL ni mpangilio wa ubora wa vijana wanaocheza hoki ya barafuni. Hutolewa kabla ya drafti, ambapo klabu za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, hukutana na kuwachagua kwa zamu. Wengi wa wanaopangwa wana miaka 17 au 18, na baadhi bado wanasoma sekondari huku wakilala kwa familia za wenyeji katika miji wanakochezea. Iliyo rasmi huandaliwa na Ofisi Kuu ya Usakaji Vipaji ya NHL. Pembeni yake zipo za waandishi wa habari, na kila klabu ina ya kwake inayofichwa hadi siku ya uchaguzi.

Asili

Kabla ya 1963 hapakuwa na cha kuorodhesha. Klabu zilifadhili timu za vijana kote Kanada na kuwafunga watoto kwa mikataba mapema mno. Boston Bruins walimwona Bobby Orr akiwa na miaka 12, na alipofika 14 wakamsainisha; kuanzia hapo klabu nyingine zilibaki kumtazama tu. Drafti ya kwanza ilifanyika Juni 1963 katika hoteli ya Queen Elizabeth, Montreal. Klabu zilikuwa sita, wakachaguliwa wachezaji 21, na wa kwanza wao, Garry Monahan, akaenda Montreal Canadiens. Vijana waliobaki nje ya ufadhili walikuwa wachache, hivyo ushindani haukuwa mkali. Mambo yalibadilika 1969, mfumo wa zamani ulipokuwa umezikwa na chipukizi wote kuwekwa mezani.

Ofisi Kuu ya Usakaji Vipaji ilianzishwa 1975 chini ya Jack Button. Lengo lilikuwa kuzipa klabu zote, tajiri na maskini, taarifa za msingi zilizo sawa. Baadaye iliongozwa na Jim Gregory, Frank Bonello, E. J. McGuire, na tangu 2011 Dan Marr. Upande wa Ulaya, kazi hiyo ilibebwa kwa miongo kadhaa na Göran Stubb wa Finland, baba wa Alexander Stubb, rais wa nchi hiyo.

Inavyoandaliwa

Msimu wa hoki unapoanza, ofisi hutoa majina ya wa kutazamwa yakiwa na herufi: A kwa anayetarajiwa raundi ya kwanza, B kwa anayefuatia, C kwa aliye chini zaidi. Januari hutoka orodha ya katikati ya msimu, na Aprili ile ya mwisho. Drafti yenyewe kwa kawaida ni mwishoni mwa Juni.

Orodha ya mwisho si moja bali nne. Wachezaji wa Amerika Kaskazini wana yao na wa nchi nyingine yao, na kila upande makipa hutengwa. Mpangilio huu huwachanganya wengi, kwa kuwa kijana anayetangazwa wa tano kwa wachezaji wa Ulaya anaweza kuchaguliwa wa 20 au wa 40 siku ya drafti. Kazi ngumu ya kuwaunganisha wote kwenye mstari mmoja, na kuamua kama beki wa Uswidi anamzidi mshambuliaji wa Ontario, ofisi huziachia klabu. Ofisi pia haizingatii mahitaji ya klabu yoyote.

Uti wa mgongo wa kazi ni watu wanaozunguka viwanja. Msaka vipaji huendesha gari usiku wa theluji kutoka mji hadi mji, hukaa juu jukwaani na daftari, na mara nyingi humtazama kijana mmoja katika mechi kadhaa kabla ya kuandika neno. Huangalia anavyoteleza, anavyopokea pasi akiwa amebanwa, na anavyorudi kukaba timu inapokuwa nyuma. Huzungumza na makocha. Mwishoni wote huketi chumba kimoja wakabishana jina baada ya jina. Takwimu zimeongezeka, hasa hesabu za kulinganisha pointi (mabao na pasi za mabao) za ligi moja na za nyingine, kwani pointi 60 katika ligi ya vijana ya Kanada si sawa na pointi 20 dhidi ya watu wazima wa Finland. Hata hivyo jicho bado lina nguvu kubwa, na ni haki liwe nayo: namba haioni kijana aliyecheza mwezi mzima na bega bovu.

Umri una mstari mkali. Anayetimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 huingia drafti ya mwaka huo. Aliyezaliwa baada ya hapo husubiri. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili. Mwaka wa kusubiri aliutumia Zürich, akicheza na watu wazima wa ligi ya Uswisi, na 2016 Toronto Maple Leafs wakamchagua wa kwanza.

Kambi ya vipimo

Mapema Juni vijana wanaotarajiwa zaidi huitwa kupimwa nguvu, pumzi, kuruka na afya, na kuhojiwa na klabu. Kambi ilikuwa Toronto, ikahamia Buffalo 2015. Hakuna anayeteleza kwenye barafu katika vipimo hivyo.

Mwaka 2014 Sam Bennett, aliyekuwa wa kwanza katika orodha ya wachezaji wa Amerika Kaskazini, alishindwa kujivuta juu ya chuma hata mara moja, na habari ikasambaa kuliko bao lolote alilowahi kufunga. Calgary Flames walimchukua wa nne. Alitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na Florida Panthers 2024 na tena 2025, na mara ya pili akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mtoano.

Usahihi na makosa

Nafasi ya kwanza kabisa huwa rahisi kukisia mwaka anapojitokeza kijana wa kipekee. Sidney Crosby 2005 na Connor Bedard 2023 hawakuwa na mshindani wa kweli. Ugumu huanza pale wawili au watatu wanapokaribiana. Mwaka 2013 ofisi ilimweka beki Seth Jones juu ya Nathan MacKinnon. Colorado Avalanche wakamchukua MacKinnon wa kwanza, na Jones akateremka hadi wa nne. Mwaka 2022 Shane Wright aliongoza orodha ya Amerika Kaskazini, lakini Montreal, wakiwa wenyeji na mbele ya mashabiki wao, walimtaja Juraj Slafkovský wa Slovakia. Wright alisubiri hadi zamu ya nne, kamera zikimfuata usoni muda wote. Ni jambo zito kumfanyia kijana wa miaka 18.

Nail Yakupov alipangwa wa kwanza 2012 na Edmonton Oilers wakakubali. Baada ya misimu sita hakuwa tena NHL.

Makipa ndio fumbo kubwa zaidi, kwani hukomaa wakiwa wamechelewa. Drafti ya 2000 inatosha kuwa ushahidi: Rick DiPietro alichaguliwa wa kwanza na New York Islanders, na majeraha yakamkatiza safari. Henrik Lundqvist wa Uswidi aliitwa wa 205 na New York Rangers, akalinda lango lao kwa misimu 15. Kabla yake, 1983, Dominik Hašek wa Chekoslovakia alichaguliwa wa 199. Alikuja kutajwa mchezaji bora wa ligi 1997 na 1998. Kwa Hašek, kilichomshusha hakikuwa uwezo tu. Serikali za Ulaya Mashariki hazikuwaachia wachezaji kuondoka, na klabu ziliogopa kupoteza zamu kwa mtu asiyeweza kufika.

Detroit Red Wings ndio waliovuna zaidi chini ya orodha. Msaka vipaji wao wa Ulaya, Håkan Andersson, alisimama nyuma ya kuchaguliwa kwa Pavel Datsyuk, wa 171 mwaka 1998, na Henrik Zetterberg, wa 210 mwaka uliofuata. Wote wawili walikuwa nguzo za ubingwa wa 2008.

Mwezi wa kuzaliwa na umbo

Makundi ya umri ya hoki ya Kanada huanza Januari 1. Mtoto wa Januari hucheza na wa Desemba aliye mdogo kwake kwa karibu mwaka mzima, akiwa mrefu na mzito zaidi, na huyo ndiye anayeonwa. Utafiti uliochapishwa 2013 na Robert Deaner na wenzake ulionyesha kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walichaguliwa nyuma kuliko uwezo walioudhihirisha baadaye. Wafupi nao wamedharauliwa muda mrefu: Martin St. Louis hakuchaguliwa kabisa, ila 2004 alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa na Tampa Bay Lightning.



 

Hali ya sasa

Drafti ina raundi saba na klabu 32, hivyo wachezaji 224 huitwa. Mwaka 2025 klabu zilichagua zikiwa katika miji yao, huku vijana wakikusanyika Los Angeles. Beki Matthew Schaefer aliongoza orodha ya Amerika Kaskazini ingawa maradhi na kuvunjika mtulinga vilimwachia mechi 17 tu za ligi msimu huo. New York Islanders walimchukua wa kwanza.