Jiko, Kuni na Mtungi katika Njia ya Tabora

Historia ya njia kuu ya misafara, ile itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, imeandikwa mara nyingi kwa kuhesabu pembe za ndovu, watumwa, nguo na bunduki. Ni nadra kuandikwa kwa kuhesabu kuni. Walakini hapakuwa na msafara uliolala njiani pasipo kuwasha moto, wala nyumba iliyokula pasipo kupika. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba moto wa nyumbani katika nchi ya Unyamwezi haukuwa wa bure wakati wo wote, na kwamba jambo hili lina maana kubwa leo, Serikali inapowataka watu waache kuni na mkaa.

Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, katika mwezi wa Novemba 1857, walikuta njia iliyokwisha kuzoewa. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, na vituo vyao vya kulala vilijulikana. Kambi moja ilipokea msafara baada ya msafara, na kila msafara ulitaka kuni za kupikia na miti ya kujengea vibanda. Wanawake walisafiri pia. Walibeba vyungu na chakula, wakapika baada ya mwendo wa siku nzima. Nguo zilihesabiwa kwa doti. Kuni na jasho la mpishi havikuhesabiwa.

Lugha yetu imehifadhi ushahidi wa hesabu hiyo iliyoachwa. Kuni huokotwa, hutemwa, huchanjwa. Kwa desturi ya shamba hazinunuliwi. Mkaa hununuliwa kwa gunia, kwa debe au kwa kopo. Hivyo mtu husema ya kwamba kuni ni za bure, hali mama amezifuata mwendo mrefu na kurudi na mzigo kichwani. Tena neno jiko lina maana ya mahali pa kupikia, na chombo cha kupikia, na mke: mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Si mzaha mtupu. Mwanamke na moto vimewekwa chini ya jina moja, na moshi ukahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake, hata watu wasiuone kuwa ni dhara.

Dhara hilo sasa lapimika. Kuni zisizoungua barabara hutoa vumbi jembamba mno lipenyalo ndani ya mapafu, pamoja na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Watoto huuawa hasa na nimonia. Watu wazima na maradhi ya moyo, kiharusi, maradhi ya mapafu na saratani. Mtoto abebwaye mgongoni huvuta moshi ule ule aupikiao mama yake. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na ndiyo maana huua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikawaondoa wapagazi njiani. Haikuondoa kuni. Miji ilipokua ilitaka mkaa, kwa kuwa ni mwepesi kuchukulika kuliko kuni. Lakini katika tanuri la udongo kilo 1 ya mkaa huweza kula kilo 6 hata 10 za miti, na mchoma mkaa hatosheki na matawi makavu aokotayo mama, bali hukata mti mzima ulio hai. Haki yataka tuseme pia kwamba si jiko peke yake lililomaliza misitu. Huko Urambo, baada ya kushindwa kwa mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, tumbaku ilishika nafasi, nayo hukaushwa kwa moto wa kuni. Miti ya miombo, ambayo jina lake limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima, huwapa nyuki maua, na asali na nta ya Tabora hutoka humo. Akataye myombo kwa ajili ya gunia la mkaa huuza mara moja kitu ambacho kingezaa kila mwaka.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Shabaha ni njema. Shida i katika umbali na kipimo. Gesi ya mitungi huingia kwa bandari za pwani, ikapanda bara kwa malori kuelekea kule kule misafara ilikokwenda, na safari huongeza gharama, kama doti ya nguo ilivyokuwa ghali Unyanyembe kuliko Bagamoyo. Tena kopo la mkaa hununuliwa kwa fedha ya siku ile. Mtungi, hata ule wa kilo 6, kwa kawaida hutaka fedha yote kwa mara moja. Mchuuzi wa mboga aweza kupewa mtungi wa kwanza bure, lakini ukiisha hurudia mkaa, au huweka majiko mawili: gesi kwa chai, mkaa kwa maharage. Hapo moshi hupungua, hauishi. Dar es Salaam imekwisha kujaribiwa mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipa kadiri apikavyo. Kipimo cha namna hiyo chafaa kuifuata njia hata Tabora na mbele yake.

Zamani mtungi ulikuwa chombo cha udongo cha kutilia maji. Leo mtu wa mjini akisema mtungi umeisha, yaelekea asema gesi. Lugha imekwisha kulipokea jambo jipya kabla ya mifuko ya watu kuliweza. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Afya ni jifya moja, msitu ni la pili. La tatu ni bei ilinganayo na pato la siku, na hilo bado halijasimama imara.