Kabla ya Kuvunja, Sema Itavunjika Lini

Tangu niache chuo, swali moja limekataa kuniacha: kompyuta hujuaje kwamba zege, au konkriti kama wanavyosema kwa mjengo, litapasuka? Haijawahi kubeba karai hata siku moja. Jibu ni kwamba inajua tu kile ilichoambiwa.

Mwaka 1967, Ngo na Scordelis wa Berkeley, California, walichapisha hesabu za boriti ya zege lenye vyuma, iliyogawanywa vipande vidogo ndani ya kompyuta. Kila kipande hupewa vigezo: kinastahimili mgandamizo gani, kikivutwa kinapasuka lini, kikishapasuka kinabaki na nguvu gani. Vigezo hivyo hupatikana kwa kuvunja zege halisi kwenye mashine, kisha kurekebisha modeli mpaka ifanane na kilichoonekana.

Sasa hapo ndipo pana mtego. Ukishajua jibu, nani atashindwa kulifikia? Unaongeza hapa, unapunguza pale, grafu inakaa poa.

Michael Collins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto waliuziba mtego huo. Waliwaalika wataalamu wa nchi mbalimbali wabashiri nguvu za paneli nne za zege kabla hazijavunjwa. Matokeo yalichapishwa 1985, na majibu yalikuwa yametawanyika vibaya. Watu wale wale ambao modeli zao zilikuwa zinapendeza kwenye karatasi!

Mwaka uliofuata, Frank Vecchio na Collins walichapisha nadharia iliyotokana na paneli 30, kila moja milimita 890 kwa 890, unene 70. Kumbe zege lililopasuka hustahimili mgandamizo mdogo kuliko linavyoonyesha kipande kizima kikipondwa maabara. Aliyetumia namba ya kipande kizima alikuwa anajidanganya.

Lakini hata vigezo vizuri haviokoi hesabu mbovu. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa polepole kwa majaribio. Ukuta ukapasuka, maji yakashinda pampu, msingi wote ukazama. Ulipogonga sakafu ya bahari, mitambo ilisajili tetemeko la 3.0. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikuwa kama dola milioni 700. Kwenye kompyuta, vipande vya pale ukutani vilikuwa vikubwa mno, na nguvu za mkato zikahesabiwa pungufu kwa asilimia 47. Vyuma vya pale navyo havikutosha.

Hesabu makini zaidi, zilizofanywa baadaye, zilisema ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65. Namba tamu kweli, lakini ilikuja msingi ukiwa tayari ni kifusi chini ya maji.

Kwa hivyo mtu akinionyesha picha za rangi za jengo na kuniambia kompyuta imelipitisha, sina haja ya kujua programu ni ya bei gani. Nauliza tu: modeli hii ilishawahi kutabiri nini kabla hakijavunjika?